Besi Niliyoichagua Kashaulili

Nisikilize mpaka mwisho, ndipo uniite muongo. Haya sikuhadithiwa na mtu, wala sikuyaota. Kama unabisha, panda bodaboda hapo Mpanda mjini, mwambie akulete Magamba, uulizie nyumba ya mpiga besi wa kwaya. Utaonyeshwa, maana huku kila mtu anaijua. Piga hodi. Mke wangu yumo ndani, mzima wa afya, na atakuwa amekusikia vizuri tu. Lakini hatakwambia karibu. Huu ni mwaka wa tatu hajamwambia mtu karibu, wala neno lingine lolote, na aliyemfanya awe hivyo ni mimi.

Anaitwa Restituta. Mimi namwita Resti. Kabla hatujaoana yeye alikuwa anaongoza sauti ya pili katika kwaya ya kigango chetu, na mimi nilisimama nyuma na besi. Besi yenyewe ilikuwa ya kuchonga, mbao ya mninga, na nyuzi zake zilikuwa nyaya za breki za baiskeli. Usicheke. Kwaya nyingi za huku zimeanza hivyo hivyo. Fundi redio alituwekea kidude cha kunasa sauti ndani yake. Siku kikiwa na furaha kilisikika kwenye spika, siku kikinuna kilikoroma misa nzima.

Hapa lazima nikueleze jambo moja, kwa sababu ndilo lililotumaliza. Hatukuwa na kinanda. Gitaa ni lazima lichukue sauti mahali ili nyuzi zikae sawa, na sisi tuliichukua kwa Resti. Kila Jumamosi kabla ya mazoezi alikuja akasimama pembeni yangu, akafumba macho, akatoa mmmm moja ndefu ya chini. Mimi nikakaza waya taratibu mpaka nikashindwa kutofautisha waya ni upi na Resti ni yupi. Kisha waya wa pili, wa tatu, wa nne. Mama yake alikuwa akiwafanyia hivyo hivyo wapiga gitaa walionitangulia, na hakuna aliyewahi kudhurika. Niseme ukweli, ndivyo nilivyompenda. Ukae na mtu kila Jumamosi unaitafuta sauti yake kwa vidole, utapona vipi?

Mwaka ule tulialikwa mjini, kwaya nyingi pamoja. Waliotutangulia kupanda jukwaani walikuwa na besi ya umeme ya kiwandani, na ilipolia niliihisi tumboni. Tulipopanda sisi, ya kwangu ikanuna. Ikakoroma kuanzia wimbo wa kwanza hadi wa mwisho, na watu wa viti vya mbele wakaziba midomo kwa vitambaa.

Basi tulipouza mpunga, Resti mwenyewe ndiye aliyesema. Alikuwa anamwogesha binti yetu Agnesi, aliyekuwa na miaka mitatu wakati huo. Akasema, "Baba Agnesi, hebu nenda kanunue besi ya kweli. Nimechoka kuimba huku kitu kinakoroma mgongoni kwangu." Tukacheka wote wawili. Ile sauti yake ya kucheka naikumbuka kuliko ninavyoikumbuka sauti ya mama yangu mzazi.

Nilifika Kashaulili, pale Mpanda mjini, asubuhi, kwenye duka linalouza spika na vyombo vya muziki. Besi nne mpya zilikuwa zimening'inia, zinang'aa kama masufuria ya harusi. Umeme ulikuwa umekatika tangu alfajiri, kwa hiyo hakukuwa na namna ya kuzisikia kwenye spika. Mama mwenye duka akaniambia, "Chukua tu, kaka, zote nzima." Lakini mimi sinunui gitaa kwa macho. Besi ya umeme bila spika haina sauti ya maana, ila kuna njia. Unaegemeza ile pembe ya gitaa kwenye taya, unauma meno, unapiga waya mnene. Sauti inapita kwenye mfupa na kuingia kichwani yenyewe. Nikazijaribu zote nne. Moja ilikuwa na shingo iliyopinda, mbili zilitetema kila nilipobana waya, na ya mwisho ilikuwa nyepesi mno, nikajua kabisa haitamaliza mwaka.

"Unajua kusikiliza wewe," mtu akasema nyuma yangu.

Nikageuka. Alikuwa mwanaume wa makamo, shati jeupe la mikono mirefu, kifungo cha juu kabisa kimefungwa na kola imembana kooni, na joto lile unalijua. Sauti yake ilikuwa nzito na nzuri, ya watangazaji wa redio wa zamani. Nikamwamkia, akaitikia marahaba. "Hizo hazikufai, mdogo wangu," akasema. "Mimi nina tatu nyumbani, hapa nyuma tu. Njoo usikilize. Usipoipenda hata moja unaondoka zako."

Yule mama wa duka hakubisha kuibiwa mteja mbele ya macho yake. Aliinama akaanza kupanga betri ambazo zilikuwa zimeshapangwa. Siku hizi naliwaza sana lile tendo lake.

Tukapita katikati ya vibanda. Njiani kulikuwa na mama anauza dagaa, yule bwana akamsalimia, na salamu ikatoka kwa sauti nyembamba ya bibi kizee. Mama wa dagaa hakuitika, akavuta kitenge chake. Nilidhani ni utani wao. Tulipofika kwake, chumba kimoja cha tofali za kuchoma, akaniambia nikae, na sasa sauti ilikuwa ya kijana anayebalehe, inapanda na kushuka. Nikajisemea labda ana mafua. Wewe ungefanya nini? Ungekimbia? Niamini, usingekimbia. Nilikuwa nimeshayaona magitaa ukutani.

Yalikuwa matatu. Jeusi, jekundu, na moja la rangi ya kahawia, pana na zito. Nikaanza na jeusi. Nikaliegemeza kwenye taya, nikapiga. Mlio ulikuwa mzuri, lakini nyuma yake kulikuwa na mtu. Sisemi kelele, nasema mtu. Mwanaume, mbali kidogo, anaongea taratibu, nami sikuweza kushika maneno. Nikatoa taya, kimya. Nikarudisha, yupo. Nikajipa moyo kwamba ni redio ya jirani inaingilia, kama umeme ungekuwepo ningekuwa sahihi. Jekundu nalo lilikuwa na mwanamke mzee ndani yake, anaguna guna peke yake. Nikaliweka chini haraka.

Lile la kahawia halikuwa na kitu. Nilipiga waya mnene ukatoka mlio mmoja safi, ukapita tayani, ukashuka kifuani, ukakaa humo mpaka ulipoisha wenyewe. Nilipiga tena na tena. Machozi yalinilenga kabisa, mtu mzima.

"Nachukua hili," nikasema.

"Wote mnachagua lililo tupu," akajibu, na akashusha pumzi. Bei tulielewana bila shida. Kisha akanishika mkono kabla sijalivaa gitaa begani. "Kuna sharti moja tu. Usilityuni kwa sauti ya mtu. Tumia simu, tumia kinanda, hata filimbi. Mtu hapana."

"Kwa nini, mzee?"

"Nimeshakwambia."

Joto lilikuwa limemzidi, akafungua kile kifungo cha juu ajipepee. Nikamtazama kooni alipokuwa akirudia maneno yale yale, simu, kinanda, filimbi, mtu hapana. Koromeo lake halikucheza. Mdomo ulikuwa unasema, koo limetulia tuli, kana kwamba amenyamaza. Nikaona, na nikaondoka na gitaa langu. Huyo ndiye mtu niliyekuwa siku ile.

Nyumbani nilimsimulia Resti kila kitu, mpaka koromeo. Akacheka. "Huyo mzee wa mjini anadhani sisi wa Magamba hatuna masikio? Anataka kila mtu anunue simu kubwa." Lakini tulikubaliana nitatumia simu, na nakuapia, Jumamosi nilitumia simu. Niliweka ile programu inayoonyesha mshale, nikakaza kila waya mpaka mshale ukasimama katikati.

Tukaanza wimbo, ukatoka vibaya mno. Kwaya ilikuwa chini, besi iko juu, kidogo tu, lakini ni kidogo kile kinachotia meno ganzi. Ndipo tulipogundua kwamba miaka yote kwaya yetu ilikuwa inaishi chini ya simu, kwa sababu sauti yetu ilitoka kwa Resti, na kabla yake kwa mama yake, na hao hawakuchukua sauti kwenye mashine.

Mwalimu wetu wa kwaya, Mwalimu Nikodemu, akapiga makofi tukanyamaza. "Besi iko juu. Mbona hujachukua sauti kwa Mama Agnesi?"

Nikaeleza. Kanisa zima likaangua kicheko. "Nyie mnatishwa na maneno ya wauza magitaa?" Mwalimu akasema. "Tumeanza lini kuimba kwa simu?"

Ningeweza kukataa. Ningeweza kusema kwaya ipande, ijifunze sauti ya simu, tungesumbuka wiki mbili na tungezoea. Hilo linaniamsha usingizini mpaka leo. Lakini niliona aibu, na aibu ya kuchekwa ilikuwa bado mbichi kwangu tangu siku ile ya mjini. Resti alikuwa ameshainuka kwenye benchi anakuja, anatabasamu, anafunga vizuri kanga yake kiunoni.

Akasimama pembeni yangu, akafumba macho, akatoa ile mmmm ya waya mnene. Nikakaza. Waya ukaipokea mara moja, hujawahi kuona waya unapokea hivyo. Akakohoa kidogo. Akatoa ya waya wa pili, na ikawa na mkwaruzo, nami nikasema moyoni ni vumbi la kanisani. Waya wa pili ukaipokea. Ya tatu ilitoka kama pumzi tu, lakini mimi nilikuwa naisikia yote, imejaa, tamu, kwa sababu nilikuwa naisikia kwenye gitaa. Niliinamia gitaa. Sikumtazama. Kwenye waya wa nne alifungua mdomo, hakikutoka kitu, na waya ukaimba.

Ningeinua macho kwenye waya wa pili, angekuwa na nusu. Mtu akiwa na nusu ya sauti anaweza kumwita mwanawe. Mimi nilikuwa nafurahia.

Nilipopitisha vidole kwenye nyuzi zote nne, watu wakashangilia. Wengine walisimama. Mwalimu akasema haya tuanze, sauti ya kwanza ikaingia, na sauti ya pili ikasitasita, haina wa kuiongoza. Nikageuka. Resti alikuwa amejishika koo kwa mikono miwili, mdomo wazi, ananiangalia mimi.

Hospitalini walimmulika kooni wakasema hana kidonda, hana uvimbe, hana chochote. Wakasema tupumzike, itarudi. Tulipumzika siku moja. Siku ya pili nilimchukua yeye na lile gitaa tukaenda Kashaulili mchana kweupe. Nilikuwa na hakika nyumba haitakuwepo, kama inavyosimuliwa kwenye mambo haya. Heri isingekuwepo. Ilikuwepo, mlango ule ule. Nikagonga.

"Karibu," ndani wakasema.

Ilikuwa sauti ya Resti. Ile ile, ya chini, yenye kicheko kidogo mwishoni. Na Resti alikuwa amesimama hapa kando yangu, kucha zake zimenikaza mkononi.

Yule bwana alifungua mlango, kola imemkaba kama kawaida. Alipomwona mke wangu akainamisha kichwa. "Pole sana, mama," akamwambia, kwa sauti ya Resti mwenyewe.

Mke wangu alimsogelea. Nilidhani atampiga, na ningemsaidia. Badala yake aliinua mkono akamgusa kooni, polepole, akalipapasa kama unavyompapasa mtoto aliyepotea ukampata, kuangalia kama kaumia. Yule bwana alitulia, akamwacha. Machozi yalikuwa yanamtiririka Resti mpaka kifuani na hakuna hata kwikwi iliyosikika. Sitamani mtu yeyote aone mtu analia namna ile.

Mimi nilipiga magoti. Nikamwambia mzee irudishe, chukua gitaa, chukua shamba, chukua sauti yangu mimi.

"Ikishaingia kwenye waya haitoki," akasema. "Inakaa humo, na mimi naipata huku. Ukikata nyuzi unaiua yote. Mimi sina yangu, mdogo wangu. Yangu iko kwenye hilo jeusi. Kaka yangu ndiye aliyelityuni kwa sauti yangu, na yeye alikuwa ameambiwa asifanye."

"Sasa kwa nini unayauza?"

Alipojibu alijibu kwa sauti ya mke wangu, na nilitamani dunia inimeze. "Nyuzi zinachakaa. Zikichakaa na sauti inachakaa, nabaki sina kitu. Lakini kila mmoja namwonya. Sijaacha hata siku moja kumwonya. Wenye magitaa wengi hunirudishia, wakishindwa kuishi nalo. Ukitaka liache."

Nilitazama lile jekundu ukutani, na bibi wa watu aliyekuwa akiguna humo ndani. Kabla sijasema neno Resti akalibeba gitaa letu yeye mwenyewe, akatoka nalo nje. Tukarudi nyumbani.

Ndivyo tunavyoishi. Padri wetu alikuja akatuombea, mtu mwema, akaondoka ameinama. Waganga wawili walikula kuku zetu bure. Sokoni Resti anaelewana na watu kwa vidole, na kwenye kwaya hakurudi. Mimi nilirudi Jumapili moja, wakanibembeleza nipige wimbo mmoja tu. Watu walilia kwa uzuri wake, wakaja kunipa mkono baada ya misa. Nilikwenda nyuma ya kanisa nikatapika.

Siku moja nilikuwa nafuta vumbi, kidole kikaugusa waya wa pili bahati mbaya. Agnesi alikuwa jikoni na mama yake. Akaja mbio, anahema, amefurahi, "Mama ananiita!" Na mama yake alikuwa amesimama mlangoni nyuma yake, mwiko mkononi. Tangu hapo gitaa limefungwa katika mablanketi juu ya kabati, na Resti ananiandikia kwenye daftari nisilishushe.

Kibaya zaidi ni majirani. Mwaka jana mama mmoja wa hapa alirudi kutoka mjini akaingia kwetu kwa vigelegele. "Mama Agnesi, kumbe umepona! Nimekusikia Kashaulili, unapatana bei ya nyanya!" Resti alikuwa amekaa kwenye kigoda anachambua mchele. Aliinua uso akamtazama yule mama, halafu akaendelea kuchambua. Mimi nilitoka nje. Mpaka leo sijui nimwambie nini mwanamke ambaye sauti yake inanunua nyanya bila yeye.

Nakusimulia haya sasa kwa sababu moja. Wiki iliyopita nilivunja amri ya Resti. Alikuwa shambani, nikalishusha gitaa, nikaliegemeza kwenye taya, nikapiga. Waya wa nne umeanza kufifia. Wa tatu nao hauko mbali. Sikulia, nadhani nimemaliza. Ila nimejua kwamba yule bwana naye amesikia, na kwamba muda si mrefu atarudi kwenye lile duka kumtafuta mwingine.

Kwa hiyo wewe unayetaka kubadilisha gitaa lako, au una mtoto au mdogo wako anayepigia kwaya. Ukiwa Kashaulili unajaribu besi, mtu akasema nyuma yako kwamba unajua kusikiliza, akakualika kwake uchague vizuri, hatakutisha. Itakuwa sauti ya mwanamke, ya chini, yenye kicheko kidogo mwishoni. Utaiamini, kwa sababu ni sauti ya mtu mwema. Hiyo ni sauti ya mke wangu. Usiifuate.